Ukimya wa Basi Namba Nne

Mwanamke huyu hakuwahi kumaliza chai akiwa amekaa. Mumewe, fundi cherehani aliyeweza kukaa kitako tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuinua kichwa, alikuwa ameacha zamani kumwambia atulie. Alichofanya ni kumwekea kikombe juu ya kabati la vyombo, karibu na mlango, kwa sababu alijua hapo ndipo atakapopita mara nne au tano kabla ya kuondoka, na kila akipita atapiga funda moja.

"Nilioa upepo," aliwaambia wateja wake, sindano ikiwa midomoni. "Ila ni upepo unaojua kutengeneza gari."

Karakana walimwita Bi Dizeli. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametengeneza injini za dizeli za kampuni moja ya mabasi, na alikuwa fundi mkuu pale. Kampuni ilikuwa na mabasi kumi na mawili, yaliyobeba wafanyakazi kuwapeleka kiwandani, bandarini na kwenye hospitali kubwa iliyo juu ya mlima. Dereva wa basi namba nne alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, mwanamke mnene, mcheshi, anayeendesha kwa miguu mitupu huku viatu vyake akiviweka kwenye dashibodi kama mapambo.

Dizeli aliijua tangu utotoni. Mama yake alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na yeye, akiwa na miaka tisa, aliona jambo lililomkosesha raha: pikipiki ya jirani ilikuwa na plagi ya kutoa cheche, lakini mashine ya mama haikuwa nayo.

"Mama, sasa moto unatoka wapi?"

Mama yake alichukua pampu ya baiskeli, akamwambia azibe tundu kwa kidole gumba, kisha akapampu kwa nguvu mpaka mtoto akatoa kidole akipiga kelele.

"Umesikia joto? Hewa ukiibana sana inakuwa ya moto. Ndani ya mashine inabanwa kuliko hapo mara nyingi, halafu dizeli inanyunyiziwa humo humo, inajiwakia. Haihitaji kiberiti."

Mwaka huo huo mtu wa kuwasaidia kazi alikosea dumu, akamimina petroli kwenye tangi la dizeli. Mashine iligonga kama mtu anayevunja mlango, ikafa kabla gunia la kwanza halijaisha. Fundi alipokuja, alitoa pampu ya mafuta ikiwa imekwama kabisa, vyuma vimekwaruzana. Mama alikishika kile chuma kiganjani, akakigeuza geuza. "Dizeli ina ulaini," alisema. "Inapopita inapaka vyuma mafuta. Petroli ni kavu." Mtoto alilishika hilo, na kuanzia hapo hakuweza kuona gari bila kutaka kujua linakula nini, na tumbo lake limetengenezwaje ili liweze kula chakula hicho.

Sasa, akiwa na miaka hamsini na moja, kampuni ikabadilisha chakula.

Meneja aliwaita wote uani, akapanda juu ya kreti la soda. Mabasi yote yatahamia gesi asilia, alisema. Gesi inatoka hapa hapa nchini, haina moshi mweusi, na hospitali imeshalalamika kuhusu moshi wetu. Tutaanza na basi namba nne. Likifanya vizuri mwezi mmoja, mengine kumi na moja yanafuata. Kisha akamtambulisha mhandisi wa kampuni iliyopewa kazi ya kubadilisha injini, mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni.

Watu walimgeukia Bi Dizeli wamwone usoni. Yeye alikuwa anapiga piga spana kwenye paja.

"Jina lako ndio litakwisha hivyo," wifi yake alimnong'oneza. "Tukuite Bi Gesi? Linasikika vibaya."

Walicheka, lakini Bi Dizeli hakulala vizuri wiki ile. Alikuwa na maswali mengi kuliko hofu. Injini ya dizeli inabana hewa mpaka inabaki sehemu moja ya kumi na saba au kumi na nane. Ukiipa gesi mbano huo, gesi inaweza kulipuka pale isipotakiwa na kuipasua pistoni inayoibana. Na gesi haijiwakii kirahisi kama dizeli. Ukiibana vya kutosha ili ijiwakie, umeshaharibu kila kitu. Kwa hiyo mbano upunguzwe, na cheche itafutwe.

Mhandisi alimshangaa kwa kuyajua hayo. Walifanya kazi pamoja siku kumi na mbili. Walizitoa nozeli za kunyunyizia dizeli, na katika matundu yale yale wakaweka plagi. Pistoni zilipelekwa kuchongwa, zikawekewa shimo kubwa zaidi juu yake ili hewa ipate nafasi na mbano ushuke hadi moja ya kumi na mbili. Petroli ingetaka ushuke zaidi ya hapo. Gesi huvumilia mbano kuliko petroli. Mitungi mikubwa ilifungwa juu ya paa. Bi Dizeli aliingiza mikono kila mahali, akauliza kila kitu, akazunguka basi mpaka mhandisi akamwambia, kwa heshima, "Mama, unanitia kizunguzungu."

"Nikisimama sifikirii," alijibu.

Basi liliwaka siku ya Jumatano. Halikunguruma, lilivuma. Hakukuwa na wingu jeusi nyuma. Wifi alilizungusha uani mara tatu, akalipandisha mlimani, akarudi na lalamiko moja tu: mlimani linataka gia ya chini mapema, halina ule msukumo wa kifua. Mhandisi akamweleza kwamba gesi yenyewe inachukua nafasi ndani ya silinda, kwa hiyo hewa inayoingia inapungua kidogo, na nguvu nayo.

"Kwa hiyo limekonda," wifi alisema. "Sawa. Na mimi nitakonda nalo."

Wiki mbili zikapita, sifa tupu. Wauguzi wa hospitali waliacha kufunga madirisha basi linapofika. Meneja alileta wageni kulisikiliza. "Sikieni," aliwaambia, mkono sikioni. "Kila siku linazidi kuwa kimya."

Neno hilo ndilo lililomwingia Bi Dizeli kama mchanga kwenye kiatu.

Kweli, lilikuwa linazidi kuwa kimya. Siku ya kwanza alisikia chini ya ule uvumaji mgongano mdogo, tiki tiki tiki, sauti ya vyuma vinavyozigonga valvu, ile milango midogo ya hewa na moshi, ili zifunguke. Kila injini kubwa huwa nayo. Pale kati ya chuma na valvu huachwa nafasi ndogo, nusu milimita hivi, ili valvu ikipata joto na kurefuka bado iweze kufunga kabisa. Sauti ile ni ya nafasi hiyo. Sasa sauti ilikuwa imefifia, na hakuna mtu aliyeigusa.

Kwa siku nne hakumwambia mtu. Nyumbani aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alihamisha meza, akairudisha. Mumewe alisimamisha cherehani.

"Kuna nini?"

"Basi la wifi limekuwa zuri mno."

"Hilo nalo ni ugonjwa?"

"Sijui kama ni basi au ni mimi." Alikaa, akasimama. "Baba watoto, niambie kweli. Mimi nina wivu na gesi?"

Mumewe alifikiri kwa uzito unaostahili swali hilo. "Unao kidogo," alisema. "Lakini siku zote ulikuwa na wivu na gari zote, na hukuwahi kuzisingizia."

Kesho yake, basi lilipopoa mchana, alifungua kifuniko cha juu ya injini, akachukua vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, akapima. Kwenye valvu za kutolea moshi, palipotakiwa nusu milimita, kibati cha nusu hakikuingia. Cha robo hakikuingia. Kilichoingia kilikuwa na unene wa karatasi mbili.

Alimwita mhandisi, akampa kibati apime mwenyewe. Mhandisi alipima, akapima tena.

"Vitu vipya vinajipanga, mama. Turekebishe, tuendelee."

"Vitu vikijipanga nafasi huongezeka. Hii imepungua."

"Turekebishe kwanza."

Wakarekebisha. Tiki tiki ikarudi, na Bi Dizeli akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Lakini siku ya nane akasikia inafifia tena. Alikwenda kwa meneja, akamwomba basi lisimame siku mbili afungue kichwa cha injini aone valvu zenyewe. Meneja alikuwa na simu sikioni na nyingine mezani inaita.

"Jumatatu tunaanza kubadilisha mengine kumi na moja. Unataka niwaambie watu nini? Kwamba fundi mkuu hapendi ukimya?"

Mhandisi alikuwepo, amesimama dirishani. Hakumtetea. Alisema tu, akiangalia nje, "Wazee wa dizeli huwa inawachukua muda."

Hakuna aliyekuwa ameinua sauti, na huenda ndiyo sababu ilimuuma. Alishuka ngazi uso unawaka. Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, fomu ya kuruhusu basi namba nne litoke ilikuwa mbele yake. Alisimama kando ya injini inayovuma. Tiki tiki haikusikika hata kidogo. Wifi alikuwa ameshavua viatu.

"Wifi, vipi? Watu wa zamu wananisubiri."

Bi Dizeli aliwaza maneno ya dirishani. Akatia sahihi.

Basi lilikufa kwenye kona ya pili ya mlima wa hospitali, likiwa na watu hamsini na tatu. Wifi alisimulia baadaye mara nyingi, kila mara akiongeza chumvi, lakini siku ya kwanza aliisimulia bila mzaha wowote. Alisema nguvu haikukatika ghafla. Iliondoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alishusha gia, akashusha tena, injini ikatetemeka, ikapiga mshindo kwenye bomba la moshi, ikazimika. Basi lilirudi nyuma hatua mbili. Alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, akapiga kelele, "Shukeni! Wa nyuma wasubiri, wa mbele shukeni, wekeni mawe!" Muuguzi mmoja na walinzi wawili ndio waliobeba mawe. Magurudumu yakakaa. Watu wote walishuka salama, wakapanda mlima uliobaki kwa miguu, sare nyeupe zikiwa na vumbi hadi magotini.

Bi Dizeli alifika na gari la kuvuta. Wifi yake alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, viatu mkononi.

"Nilisikia," Bi Dizeli alimwambia. Hakuweza kukaa naye. Alikuwa anatembea hatua tatu huku, hatua tatu kule. "Asubuhi nilisikia, nikatia sahihi. Niliogopa wataniona nina wivu."

Wifi alimnyooshea mkono. "Nivute nisimame," alisema. Aliposimama, hakumwachia mkono. "Ungeniambia, nisingelitoa. Mimi ningewaambia naumwa tumbo. Nani angebishana na tumbo langu?" Kisha akalia, na Bi Dizeli naye akalia, katikati ya barabara, dereva wa gari la kuvuta akijifanya anakagua mnyororo.

Safari hii hakuomba ruhusa. Lilipofika karakana alifunga milango, akaanza kufungua kichwa cha injini mchana ule ule. Meneja alikuja, akatazama, akaondoka. Saa tisa mhandisi aliingia, amekunja mikono ya shati lake jeupe. Alishika upande wa pili wa kile chuma kizito. Wakakinyanyua pamoja, wakakipindua juu ya benchi.

Hapo kila kitu kilikuwa wazi. Kila valvu hukaa juu ya pete ya chuma inayoitwa kiti chake, inayouzuia moto usivuje. Viti vya valvu za kutolea moshi vilikuwa vimeliwa. Valvu zilikuwa zimezama ndani ya chuma, moja baada ya nyingine, na kadiri zilivyozama ndivyo miguu yake ilivyosukumwa juu ikala ile nafasi ya nusu milimita. Ndio maana basi lilinyamaza. Mwishoni valvu tatu hazikufunga tena, moto ukapita pembeni, kingo zake zikaungua kama mkate.

Bi Dizeli alipitisha kidole kwenye kiti kimoja. Kilikuwa safi, kinang'aa. Hakuna masizi hata chembe.

"Pakavu," alisema taratibu. "Dizeli huacha masizi, na masizi yale ni kama kitambaa kati ya valvu na kiti chake. Tumeisifu gesi kwa usafi. Basi usafi wenyewe ndio huu. Chuma kinagonga chuma kitupu, na moshi wake una joto kuliko ule tuliouzoea. Viti hivi vilitengenezwa kwa dizeli. Gesi inataka viti vigumu zaidi."

Mhandisi alivuta stuli yenye grisi, akakaa, jambo ambalo Bi Dizeli aliliona la ajabu kwa mtu mwenye suruali nyeupe kama ile.

"Viti vigumu vilikuwa kwenye orodha yangu," alisema mwishowe. "Niliviandika mwenyewe. Mkuu wangu akavikata, akasema hivi vilivyopo vitafika mwaka. Mimi nikanyamaza. Ulipopima mara ya kwanza nilijua. Yaani, nilijua nusu. Na ile nusu nyingine nikaifunika kwa kukusema wewe."

Bi Dizeli alikuwa na maneno makali tayari, ameyaandaa tangu mlimani. Alimwangalia yule kijana mtu mzima, grisi ikipanda kwenye mikono ya shati. Akakumbuka sahihi yake mwenyewe.

"Sote wawili tumenyamaza," alisema. "Wale wauguzi wamepanda mlima kwa miguu kwa ajili yetu. Inuka, twende kwa meneja, na useme ulivyoniambia."

Alisema. Ilimgharimu kazi yake kwa yule mkuu wake, maana aliyaandika na kuyatia sahihi. Kubadilisha mabasi kumi na moja kulisitishwa. Meneja hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Ila siku mbili baadaye fomu ya kuruhusu magari ilibadilishwa, ikaongezwa mstari mmoja chini: fundi akiwa na shaka yoyote, gari lisitoke. Bi Dizeli aliusoma mstari huo amesimama, akausoma tena, akaenda kunawa mikono isiyokuwa michafu.

Ilichukua miezi miwili na nusu. Viti vigumu vililetwa, na valvu za chuma kinachostahimili joto. Yeye na yule mhandisi, ambaye sasa alikuwa mtu wa kampuni ya mabasi, walilijenga upya basi namba nne, kisha wakayachukua mengine moja moja bila kuharakishwa. Kila wiki walipima nafasi za valvu na kuandika kwenye daftari. Vipimo vilikaa pale pale. Na kwa kuwa hakuna tena aliyemwambia aipende gesi, Bi Dizeli alijikuta anaipenda. Alipenda jinsi mafuta ya injini yalivyotoka yakiwa na rangi ya asali baada ya wiki nyingi, badala ya weusi wa dizeli. Alipenda kwamba injini ile haikuwa dizeli iliyokatwa miguu. Ilikuwa kitu kingine, chenye mahitaji yake, na ukiyatimiza inakuheshimu.

Kampuni ilimpeleka kwenye chuo cha ufundi, mji mwingine, wiki sita, asomee magari ya gesi rasmi. Alikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Darasani alishindwa kukaa, akapewa ruhusa ya kusikiliza amesimama nyuma, karibu na dirisha, na aliuliza maswali mpaka wenzake wakawa wanahesabu kwa vidole. Siku moja mwalimu aliwaeleza kuhusu magari ya umeme, yasiyo na pistoni, valvu wala mafuta ya kulainisha silinda. Bi Dizeli alimpigia mumewe simu wakati wa mapumziko.

"Baba watoto, hayana sauti kabisa."

"Mungu wangu," mumewe alisema. Cherehani ilisikika ikisimama. "Sasa utayasikiliza vipi?"

"Ndio ninachokiwaza. Lazima kuna kitu kinachotoa dalili kabla hakijaharibika. Joto, labda. Au mtetemo kwenye beringi. Kuna moja limeegeshwa hapa nje, la mkuu wa chuo. Nimemwomba aniruhusu niweke mkono."

"Amekubali?"

"Ameniuliza kwa nini. Nimemwambia ninataka tu kujua." Sauti yake ilikuwa inaenda mbali na kurudi, maana alikuwa anatembea. "Anakuja. Ana funguo. Nitakupigia."

Akakata simu kabla mumewe hajaaga.